Majengo ya vioo: cha chini kinauza, cha juu kinakula

MWANZA inavaa vioo. Mfanyabiashara aliyehama mjini humo miaka ya tisini, akirudi leo, hatashangazwa na mawe wala ziwa, maana hayo yapo pale pale. Kitakachomshangaza ni kuta. Katika mitaa ya Mirongo na jirani zake, maduka ya zamani yenye kibaraza mbele, dari refu na madirisha ya mbao yanazidi kupisha ghorofa ambazo uso wake wote ni kioo cha bluu au cha kijani. Kibaraza hakipo tena. Mpita njia anayetafuta kivuli anakutana na sura yake mwenyewe.

Hali hiyo imepokewa kama dalili ya maendeleo, na si vibaya. Hata hivyo, kwa mpangaji wa fremu na kwa mwenye akiba ndogo anayetafuta pa kuiweka, kioo ni bidhaa kama bidhaa nyingine. Kina bei ya kukinunua na kina bei ya kuishi nacho. Ya kwanza hulipwa na mwenye jengo mara moja. Ya pili hulipwa na mpangaji kila mwezi kwa muda wote atakaokuwa humo, na hapo ndipo hesabu za wengi zinapoharibikia.

Kwanza kioo kipewe haki yake. Kioo kinauza. Kabati la muuza chipsi, ambalo ndilo jengo la kioo dogo kuliko yote mjini, linaeleza jambo hilo vizuri kuliko msanifu majengo yeyote: linazuia vumbi na nzi, linaonyesha kuku na mayai, na linazuia mkono wa mteja asiyelipa. Sonara anafanya vivyo hivyo kwa sanduku lake la mikufu, na muuza simu kwa meza yake. Machinga walipoondolewa kandokando ya barabara mwaka 2021 na kupelekwa katika maeneo yaliyotengwa, waliokuwa na mtaji kidogo wakaanza kutazama fremu, na fremu inayogombewa siku zote ni ile ya chini yenye kioo kinachotazama watu wanaopita. Kilemba cha fremu ya namna hiyo hakilipwi kwa ajili ya ukuta. Kinalipwa kwa ajili ya macho ya wapita njia.

Na hivyo ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo. Jengo kubwa la kioo lililotia fora duniani, lile la maonyesho ya biashara ya London mwaka 1851, lilikuwa duka la kuonyeshea bidhaa. Lilikuwa na vipande vya kioo karibu 300,000, na watu zaidi ya milioni sita waliingia kulitazama katika muda usiofika nusu mwaka. Aliyelibuni, Joseph Paxton, alikuwa mtunza bustani. Kabla ya hapo alikuwa akijenga vitalu nyumba vya kuoteshea mimea ya nchi za joto, likiwamo yungiyungi kubwa la majini lililopewa jina la Malkia Victoria, yule yule ambaye jina lake limebandikwa kwenye ziwa letu.

Habari hiyo ya mtunza bustani inafaa kukumbukwa na kila anayepanga ofisi ghorofa ya nne. Kitalu nyumba hujengwa kwa kioo kwa sababu kioo kinakaribisha mwanga wa jua na kulizuia joto lisitoke. Kule Uingereza, ambako jua ni la kuvizia, joto hilo ni neema. Mwanza iko nyuzi mbili na nusu tu kusini ya ikweta, na jua halihitaji kualikwa.

Hesabu yake si ngumu. Kioo cha kawaida kisichotiwa rangi wala utando hupitisha zaidi ya robo tatu ya joto la jua linalokipiga. Saa kumi alasiri, siku isiyo na mawingu, kila mita moja ya mraba ya kioo kinachotazama magharibi inaingiza ndani joto la karibu nusu kilowati. Mita mbili za mraba ni sawa na pasi ya umeme iliyoachwa imewashwa katikati ya ofisi. Ofisi yenye ukuta wa kioo wa mita kumi za mraba ina pasi tano. Kioo cha rangi na kile chenye utando hupunguza, lakini hakimalizi.

Sasa tatizo la Mwanza kwa namna ya pekee ni kwamba ghuba iko upande wa magharibi wa mji. Kila mwenye jengo anataka mpangaji wake aone ziwa, na dalali hataacha kulitaja. Lakini mandhari ya ziwa na jua la alasiri viko upande mmoja, na havitenganishiki. Isitoshe, kwa kuwa Tanzania nzima inatumia saa moja na Mwanza iko magharibi mwa nchi, jua la utosini hapa hufika karibu saa saba mchana, na kwa hiyo jua la kuchoma linakaa hadi saa za kufunga hesabu. Anayelipia ziwa analipia na jua.

Jua hilo linalipwa kwa LUKU. Kiyoyozi kimoja cha ofisi ndogo kinachokula kilowati moja kwa saa tisa kwa siku kinamaliza uniti tisa. Ikichukuliwa Sh 350 kwa uniti pamoja na kodi na tozo, hiyo ni Sh 3,150 kwa siku, na kwa siku 26 za kazi ni Sh 81,900 kwa mwezi. Hicho ni kiyoyozi kimoja. Ofisi yenye pasi tano ukutani haitoshelezwi na kimoja. Na umeme ukikatika, kama ilivyotokea kwa mgawo wa mwaka 2023 kabla ya mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere kuanza kuzalisha mwaka 2024, jengo ambalo madirisha yake hayafunguki linakuwa tanuri. Mpangaji wa kibaraza cha zamani akikatiwa umeme hufungua mlango, upepo wa ziwa ukaingia bure.

Hapo ndipo mkataba wa pango unapostahili kusomwa kwa miwani. Kodi ya pango inayotajwa mdomoni sio inayolipwa. Juu yake kuna VAT ya asilimia 18 ikiwa mwenye jengo amesajiliwa, na kuna ada ya huduma: usafi, ulinzi, lifti, jenereta, na mara nyingi kiyoyozi cha jengo zima. Kuna pia kodi ya zuio ya asilimia 10 ambayo mpangaji anapaswa kuikata kwenye pango na kuipeleka TRA. Wenye nyumba wengine hutaka wapewe pango lao kamili, na mpangaji asiyejua sheria hujikuta anaitoa mfukoni mwake. Katika miji mikubwa majengo ya namna hii yaliwahi kuzoea kutaja pango kwa dola, jambo ambalo kanuni za Machi 2025 zimelikataza kwa biashara za ndani. Hilo ni jema kwa mpangaji, ingawa si ajabu hasara ya mwenye jengo ikahamia kwenye ada ya huduma. Ada hiyo haina dari mpaka mkataba uiwekee.

Upande wa mwekezaji mdogo una sura nyingine. Wapo wanaodhani kwamba majengo haya ni mambo ya matajiri na hayawahusu. Mwalimu wa Nyamagana au muuguzi wa Bugando anayekatwa mchango wa hifadhi ya jamii kila mwezi ni mwenye nyumba bila kujua. Minara miwili iliyojengwa na PSPF katikati ya Dar es Salaam ilijengwa kwa fedha za wanachama. Rock City Mall ya hapa Mwanza ilitokana na ubia wa LAPF na halmashauri. Mifuko hiyo, pamoja na PPF na GEPF, iliunganishwa kuwa PSSSF mwaka 2018, na majengo yakahamia huko pamoja na madeni na wapangaji wake. Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, kila mwenye ofisi za kupangisha Dar es Salaam ambaye mteja wake mkubwa alikuwa serikali ilimbidi apige hesabu upya. Ghorofa inayong'aa inaweza kuwa tupu, na kwa nje mtu hawezi kujua, kwa sababu kioo cha giza kinaficha viti vilivyopo na visivyokuwapo.

Hii ni moja ya kejeli za kioo. Kiswahili kina neno moja kwa kitu kinachoonyesha kilichomo ndani na kwa kile kinachomrudishia mtu uso wake, na majengo haya yamechagua maana ya pili. Rais Mkapa aliingia madarakani mwaka 1995 na kaulimbiu ya uwazi na ukweli, na miaka ya utawala wake ndiyo iliyoanzisha ujenzi wa minara pacha ya Benki Kuu, yenye vioo vingi vinavyong'aa. Mwaka 2010 mahakama ilimtia hatiani aliyekuwa mkurugenzi katika benki hiyo kwa matumizi mabaya ya madaraka katika mradi huo huo. Mwekezaji anayetaka uwazi asiutafute ukutani. Aombe hesabu zilizokaguliwa na idadi ya mita za mraba zilizopangishwa.

Lipo pia suala la usalama, ambalo madalali hawaligusi. Agosti 7, 1998 Nairobi, watu wengi waliokuwa katika majengo ya jirani na ubalozi wa Marekani walisikia mlipuko wa kwanza mdogo wakakimbilia madirishani kutazama. Bomu kubwa lilipolipuka, vioo ndivyo vilivyowarukia. Waliokufa walizidi 200, waliojeruhiwa walikuwa maelfu, na wengi walipoteza macho. Si kila jengo linatarajia bomu, lakini Kanda ya Ziwa ilitikiswa na tetemeko la Kagera Septemba 10, 2016. Kioo cha kawaida huvunjika vipande virefu kama visu. Kile kilichokomazwa kwa moto huvunjika punje punje, na kile cha tabaka mbili zilizogandishwa pamoja hupasuka bila kuanguka. Tofauti ya bei ipo, tena si ndogo, ndiyo maana inafaa kuuliza ni kipi kilichowekwa juu ya mlango ambao wateja hupita.

Bei yenyewe ya kioo inaweza kubadilika, na hili wafanyabiashara wa vifaa vya ujenzi wanapaswa kulifuatilia. Kwa miaka mingi kiwanda kilichojulikana nchini, Kioo Limited cha Dar es Salaam, kilikuwa cha chupa. Kioo bapa cha madirisha kilitoka nje, hasa China. Septemba 2023 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkuranga, mkoani Pwani, kiwanda cha Sapphire Float Glass chenye uwezo uliotajwa wa tani 700 kwa siku. Kinatumia njia iliyobuniwa na Alastair Pilkington wa Uingereza miaka ya hamsini, ya kuelezesha kioo kilichoyeyuka juu ya bati lililoyeyuka hadi kinyooke chenyewe. Kwa fundi aluminiamu wa Mwanza hiyo ni habari njema kwa kiasi. Kati ya Mkuranga na Mirongo kuna zaidi ya kilometa 1,100 za barabara, na kila shimo lina kioo chake. Mwenye kuagiza ndiye anayebeba kilichovunjika, na anakirudisha kwenye bei ya kilichofika kizima. Reli mpya itakapofika Mwanza kwa mizigo, huenda hesabu hiyo ikapungua.

Lakini kioo kikishuka bei, wenye majengo watapaka vioo kila upande, na mzigo wa umeme utazidi kuhamia kwa wapangaji. Njia nyingine ipo na si ngeni. Huko Harare jengo la Eastgate lililofunguliwa mwaka 1996 lilijengwa kwa kuta nzito, madirisha madogo yenye vivuli na mikondo ya hewa iliyoigwa kwenye kichuguu cha mchwa, nalo linapangisha maduka na ofisi bila mitambo ya kawaida ya viyoyozi. Wazee waliojenga maduka ya Mirongo hawakusoma habari za Harare. Waliweka kibaraza, wakaweka matofali ya matundu juu ya dirisha, na mauzo yakaendelea.

Kwa anayesaini mkataba mwezi huu, ghorofa ya chini yenye kioo mbele na kivuli juu yake inastahili kugombewa, hata kwa kilemba kizito kidogo. Kwa ghorofa za juu, aende kutazama chumba saa kumi alasiri, wala asikubali kupelekwa asubuhi. Ajaribu kufungua dirisha. Aombe risiti za LUKU za mpangaji aliyetoka, za miezi mitatu, mmoja wao uwe Septemba au Oktoba. Na ada ya huduma iandikwe kwa shilingi, kwa kiwango kilichotajwa, na iwekewe kikomo cha kupanda kwa mwaka kabla ya kulipa pango la miezi sita.