Nati Mpya kwa Mashine Kongwe
Mwenye mashine ya kukereza vyuma nyumbani asingoje nati ya shaba inayosogeza kisu iishe kabisa, maana mashine hiyohiyo ndiyo itakayokereza nyingine. Myford ML7, kwa mfano, iliyoanza kuundwa Beeston, Uingereza, mwaka 1946 kwa ajili ya karakana ndogo, husogeza kisu inchi 0.1, yaani milimita 2.54, kwa kila mzunguko wa mkono wa kuzungushia. Nati ikilika, mkono huzunguka kwanza bila kisu kutikisika, na vipimo huanza kudanganya. Shaba imewekwa pale iliwe yenyewe, skrubu ya chuma inayopita ndani yake ipone; kuuza mashine nzima kwa bei ya chakavu kwa sababu hiyo ni kuionea. Kazi yenyewe iko kwenye hesi za ndani, tena za kushoto, ndani ya tundu usimoona kitu. Napendelea njia ya wazee: kereza kwanza kikatio chako cha hesi kwa chuma kinachokuwa kigumu kikipozwa ghafla, kichonge mifereji, kichome hadi kiwe chekundu, kizamishe kwenye mafuta, kisha kirudishe kwenye moto mdogo kisije kikavunjika kama glasi. Kipitishe kwenye tundu la nati polepole, ukirudi nyuma kila mara kutoa chenga. Skrubu ya zamani ikiingia kwa nguvu ya vidole tu, bila kucheza, nati imekubali.