Winson Green: nyaya zimefika, je, kazi zitafuata?

Mtaa wa Winson Green, ulioko magharibi ya katikati ya jiji la Birmingham nchini Uingereza, uliwahi kuneemeka kwa njia iliyopita mlangoni pake.

Njia hiyo ilikuwa mfereji. Mwaka 1796 Matthew Boulton na James Watt walifungua kiwanda cha Soho kando yake, mpakani mwa mtaa huo, ili kuunda mitambo ya mvuke. Makaa ya mawe yaliletwa kwa mashua, na wafanyakazi hawakuwa na budi kuishi karibu.

Leo njia ni mkongo wa mawasiliano. Mwaka 2018 eneo la West Midlands liliteuliwa kufanyiwa majaribio makubwa ya mtandao wa 5G. Hata hivyo, kiwanda kilimhitaji mfanyakazi awe jirani, intaneti haimhitaji.

Nani anafaidika?

Janga la corona la mwaka 2020 lilidhihirisha hilo. Karani wa benki alihamishia ofisi sebuleni, ilhali mfagizi, muuguzi na dereva wa basi waliendelea kutoka alfajiri.

Kwa asiye na kompyuta wala chumba chenye utulivu, kituo cha kazi ni maktaba ya mtaa. Lakini Septemba 2023 Baraza la Jiji la Birmingham lilitangaza kuwa haliwezi kusawazisha hesabu zake, na maktaba zikawa miongoni mwa huduma zilizopunguziwa fedha.

Funzo la Nairobi

Afrika Mashariki inaifahamu hali hii. Mikongo ya baharini ilifika Mombasa mwaka 2009, na mwaka 2016 serikali ya Kenya ikaanzisha mpango wa Ajira Digital kuwafunza vijana kazi za mtandaoni.

Kazi zilikuja. Lakini mwaka 2023 wahakiki zaidi ya 180 wa maudhui ya Facebook jijini Nairobi waliishtaki kampuni ya Meta na makandarasi wake, wakipinga kuachishwa kazi. Mwajiri aliye mbali huweza kuondoka upesi kama alivyokuja.

Kwa hiyo serikali zinazojivunia kilomita za nyaya zinafaa kuulizwa maswali mengine pia: ni maktaba ngapi zilizo wazi jioni, na mkataba wa mfanyakazi unalindwa na sheria ya nchi gani?