Maji ya AC si "matone tu"

Jamani, leo naweka programu kando niseme juu ya maji ya AC. Hapa Mombasa ukipita chini ya ghorofa utadondokewa. Ukiangalia juu, mvua hakuna. Ni mpira wa AC ya mtu umeachwa unaning'inia. Na tumezoea!

Mafundi husema ni matone tu. Matone gani? Hewa ya nyuzi 30 iliyoshiba unyevu hubeba gramu 30 hivi za maji kwa kila mita ya ujazo. Ipoze hadi nyuzi 15, itabaki na 13 hivi. Zilizobaki zitaenda wapi? Yangu niliikingia ndoo ya lita 20. Kulipokucha ilikuwa imejaa.

Mwaka jana maji hayo yalirudi ndani. Fundi aliulaza mpira bila mteremko, ukafanya utelezi, ukaziba. Trei ikafurika, maji yakashuka ukutani hadi kwenye UPS na seva. Kazi ya mteja ikalala siku mbili. Fundi alipokuja akasema, "Hiyo ni kawaida, bosi."

Kawaida ya nani? Nikiandika programu inayomwaga data bila kujali inakoangukia, nitaitwa mzembe. Kwa nini yeye asamehewe? Nami nina kosa langu: nani alinituma kuweka seva chini ya AC?

Dawa si ghali. Paipu iwe na mteremko, angalau sentimita moja kwa kila mita. Mwisho wake uwe kwenye ndoo au mtaro, si kichwani mwa mpita njia wala ukutani kwa jirani. Isafishwe kila AC inapofanyiwa servisi. Penye mashine, ongeza swichi ya boya inayozima AC maji yakipanda.

Na hayo maji usiyatupe, katika mji ambao watu wananunua maji kwa jerikeni! Piga deki, mwaga chooni, nyunyizia maua. Ila usinywe, na usiyatie kwenye betri eti ni safi; yamepita kwenye vumbi, shaba na alumini.

Kabla ya kumlipa fundi, mimina lita moja kwenye trei uone inatokea wapi. Ikikwama, usilipe. Sisi wa programu tunajua: kazi isiyojaribiwa haijaisha.