Saa Mpya Isiyotaka Kwenda

Wengi wetu hununua saa nzuri mara moja au mbili tu katika maisha yetu, nayo hununuliwa kwa fedha zilizowekwa akiba kidogo kidogo. Miongoni mwa saa zinazopendwa sana na vijana wa Mombasa ni ile iitwayo kronografu, yaani saa ya mkono yenye kazi mbili: kuonyesha saa za mchana na usiku kama saa nyingine yoyote, na kupima muda wa jambo moja tangu lianzapo hata liishapo. Nyingi huagizwa kwa simu kutoka nchi za mbali, zikafika ndani ya kasha zikiwa zimelala. Mwenyewe huitia ufunguo, huiweka sikioni, asisikie kitu. Juma hili nataka kueleza yafaayo kufanywa wakati huo, na zaidi yasiyofaa, maana saa nzima yaweza kuharibika kwa hasira ya dakika kumi.

Kwanza tujue tumeshika kitu gani. Katika mwaka wa 1821 fundi Mfaransa aitwaye Nicolas Rieussec alipima mbio za farasi mjini Paris kwa chombo kilichoangusha tone la wino juu ya uso wake kila farasi alipofika. Ndiyo sababu ya jina kronografu, ambalo kwa Kiyunani maana yake ni mwandishi wa muda. Wino uliachwa zamani, lakini jina limebaki. Saa za aina hii za bei nafuu zinazotiwa ufunguo kwa mkono mara nyingi hutoka Uchina, na mashine yake imetokana na saa ya Kiswisi iitwayo Venus 175, ambayo Wachina walinunua mitambo ya kuitengenezea katika mwaka wa 1961.

Sasa tuingie katika taabu yenyewe. Karani mmoja nifanyaye naye kazi alinunua kronografu mpya, akaitia ufunguo, akaona ule mshale mrefu mwembamba wa katikati umesimama juu ya tarakimu 12. Akangoja usiku kucha, nao haukusogea. Asubuhi aliandika barua kali kwa mwenye duka, lakini kabla ya kuipeleka tulikwenda pamoja kwa mzee fundi wa saa katika Mji wa Kale, nyuma ya Ndia Kuu. Mzee hakufungua kitu. Alibonyeza kifungo cha juu, na mshale ukaanza kuzunguka. Akasema, "Mwanangu, saa yako haikusimama hata dakika moja. Huyu uliyekuwa ukimtazama ni tarishi, haondoki mpaka atumwe." Kisha akamwonyesha akrabu ndogo sana katika duara dogo upande wa tarakimu 9, nayo ilikuwa ikienda polepole. Hiyo ndiyo akrabu ya sekunde za saa yenyewe. Barua ile ilichanwa pale pale.

Basi jambo la kwanza ni kuitafuta akrabu hiyo ndogo, ambayo katika saa nyingine huwekwa mahali pengine. Ikiwa yaenda, saa ni nzima. Ikiwa imesimama, fuata hatua hizi kwa utaratibu, wala usiruke hata moja.

Pili, tazama kile kichwa kidogo cha kutilia ufunguo. Kikiwa kimevutwa nje, hata kidogo tu, saa nyingi husimama kwa makusudi ili mwenyewe apate kurekebisha majira. Kisukume ndani mpaka kikae. Saa nyingine zina kichwa cha kufungwa kama parafujo, nacho hulegezwa kwanza ndipo ufunguo uingie.

Tatu, tia ufunguo wa kutosha. Watu wengi huzungusha mara tano au sita, wakasema saa ni mbovu. Saa ya kutiwa kwa mkono huhitaji mizunguko thelathini au arobaini. Zungusha polepole mpaka uhisi ugumu, hapo uache, kwa maana kamani, yaani ule utepe wa chuma uliokunjwa ndani, umekwisha jaa. Ile ijitiayo ufunguo yenyewe kwa mwendo wa mkono haifikii ugumu huo, kwa kuwa kamani yake imetengenezwa iteleze ikijaa. Itie mizunguko ishirini au thelathini, kisha uivae. Wako wasemao kwamba saa imesimama kwa kujazwa ufunguo mno. Si kweli. Saa iliyojaa ufunguo na isiyokwenda ina kizuizi kingine, na yafaa kizuizi hicho kitafutwe.

Nne, ishike saa ikiwa bapa kiganjani, uizungushe robo ya duara kwa wepesi, huku na huko, mara mbili au tatu. Ndani yake mna gurudumu dogo lichezalo kwenda na kurudi, nalo ndilo moyo wa saa. Baada ya safari ndefu huenda likahitaji kuamshwa. Usiigonge mezani wala usiipige kwa kidole. Ikiamka na kwenda mchana na usiku bila kusimama, mshukuru Mungu. Ikilala tena, ni mgonjwa.

Tano, vichunguze vifungo viwili vya ubavuni. Kile cha juu huanzisha na kusimamisha kipimo, na kile cha chini hurudisha mshale mwanzo. Sehemu hii ya kupimia hukopa nguvu kutoka kamani ile ile iendeshayo saa, kwa hiyo ikikwama yaweza kuisimamisha saa nzima. Ikiwa saa huenda kipimo kinapopumzika na kusimama kipimo kinapoanzishwa, liandike jambo hilo, maana fundi atalihitaji. Tena usibonyeze kifungo cha chini wakati mshale unakwenda, isipokuwa kitabu cha saa kimeruhusu.

Sita, vidole vyako vina habari. Katika saa ya mkono, ikiwa kichwa kinazunguka bila mwisho wala ugumu, yamkini kamani imekatika au haikushika. Ukikiacha nacho kikarudi nyuma chenyewe, kile kidude kizuiacho kamani isifunguke hakifanyi kazi. Na ikiwa ugumu umefika lakini saa ni kimya, basi huenda mafuta yamekauka kwa kukaa sana ghalani, au uchafu umeingia katika meno ya magurudumu, au ncha ya gurudumu lile dogo imevunjika kwa kishindo cha njiani. Hakuna moja la hayo litengenezwalo nyumbani.

Saba, iko sumaku. Spika na vifuniko vya mikoba ya simu vina sumaku. Kwa kawaida saa iliyoshikwa na sumaku hukimbia mno, lakini ikishikwa sana yaweza kusimama. Isogeze karibu na dira ndogo; sindano ya dira ikitikisika sana, mpelekee fundi, naye ana chombo cha kuiondoa kwa muda mfupi. Na sisi tukaao kisiwani tuna adui mwingine, yaani mvuke wa bahari. Ukiona ukungu chini ya kioo, usingoje kesho, kwa maana chuma chembamba hushika kutu upesi.

Ikiwa hatua zote zimepita na saa bado ni kimya, kazi yako imekwisha. Usifungue mgongo wa saa. Kijana mmoja wa Majengo, aliyeweka akiba ya miezi kwa kazi ya kupakua mizigo, aliufungua kwa kisu cha jikoni. Kisu kiliteleza, kikakata kamani nyembamba kama unywele iliyo juu ya gurudumu lile dogo. Saa ilipofika dukani, muuzaji alionyesha mikwaruzo, akakataa. Hata sasa hakuna ajuaye ugonjwa wake wa kwanza ulikuwa nini, na kijana amebaki na kitu cha kuonea huzuni.

Yakupasa basi kuiweka stakabadhi, na kumwandikia muuzaji barua fupi yenye mambo manne: siku uliyonunua, siku uliyoitia ufunguo mara ya kwanza, uliyoyajaribu, na uliyoyaona. Barua ya matusi haina nguvu kama barua ya tarehe. Katika Kenya sheria ya uuzaji wa bidhaa, Sura ya 31, pamoja na Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya mwaka wa 2012, zataka bidhaa iuzwayo na mfanya biashara iwe na hali ifaayo kuuzwa, na saa mpya isiyokwenda haina hali hiyo. Ikiwa dhamana imekwisha na wataka fundi, muulize kabla hajafungua kama amezoea kronografu, kwa maana saa ya kawaida ina vipande mia na zaidi, bali hii yaweza kupita mia mbili.

Huenda mtu akauliza, taabu yote hii ya nini? Katika mwaka wa 1970 wanaanga wa Apollo 13 waliwasha injini kwa sekunde 14 ili kuirekebisha njia ya kurudi duniani, nao walizipima kwa kronografu ya mkononi. Sisi hatuendi mwezini, lakini mkulima mwenye pampu aweza kuweka debe la lita 20 chini ya bomba na kubonyeza kifungo. Debe likijaa kwa sekunde 40, pampu yake yatoa lita 30 kila dakika. Juma lijalo akipima tena akaona sekunde 60, atajua kwamba pampu imeanza kuchoka, naye atamwita fundi kabla mboga hazijanyauka.