Mchumba wangu ni mashoto, nifanyeje?

Saa tano usiku simu ikaita. Ni mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, ambaye harusi yake ilikuwa imebakiza wiki tano. Nikajua basi, ama ukumbi umekosekana ama fundi kaharibu gauni. "Dada," akasema kwa sauti ya chini, "hivi ulishaona mchumba wangu anaandika kwa mkono wa kushoto?"

Nilishaona. Mimi mwenyewe ni mashoto, na siku shemeji alipokuja kujitambulisha tulikaa pamoja mezani kwa raha, hakuna aliyempiga mwenzake kiwiko.

Kumbe kwenye kikao cha kicheni pati shoga yake mmoja kasoma kwenye simu kwamba wanasayansi wamegundua wanaume mashoto "wana mambo yao", yaani wanapenda wanaume wenzao. Wenzake wakacheka, wakaendelea kugawana kazi za vyombo na mapambo. Yeye ndo usingizi ukakata.

Mpenzi msomaji, usimcheke. Huku kwetu uvumi wa namna hiyo si utani. Unaweza kuvunja uchumba, kumfukuzisha mtu kazi, hata kumfikisha polisi. Ndiyo maana nikasema nimjibu kwa hesabu.

Ukweli ni kwamba utafiti upo. Mwaka 2000 Martin Lalumière, Ray Blanchard na Kenneth Zucker wa Canada walijumlisha tafiti 20 zenye watu zaidi ya 23,000. Waliangalia wasiotegemea mkono wa kulia, yaani mashoto pamoja na wale wanaotumia mikono yote. Kwa wanaume wanaovutiwa na wanaume, uwezekano wa kuwa hivyo ulizidi kwa asilimia 34 ukilinganisha na wanaume wanaovutiwa na wanawake. Kwa wanawake ulizidi kwa asilimia 91. "Kwa hiyo kama ni foleni ya kushukiwa," nikamwambia, "dada yako nimekutangulia, na shemeji yako huyu hapa anakoroma."

Akacheka kidogo. Nikamwambia achukue kalamu.

Asilimia 34 inatisha masikioni, lakini iweke mezani uone. Duniani, karibu mtu mmoja kati ya 10 ni mashoto. Tuseme basi kati ya wanaume 100 wanaopenda wanawake, mashoto ni 10. Kwa wanaume 100 wanaopenda wanaume, watakuwa kama 13. Hapo 87 waliobaki wanaandika kwa mkono wa kulia kama shoga yako wa kicheni pati.

Sasa igeuze. Chukua wanaume 1,000, na kwa mfano tu tuseme 30 kati yao wanavutiwa na wanaume. Humo mashoto ni kama wanne. Katika wale 970 wengine mashoto ni 97. Wakusanye mashoto wote 101 ukumbini: 97 wanapenda wanawake. Ukimkagua mchumba kwa kuangalia anashikaje kijiko, utakosea karibu kila mara.

Na sababu yenyewe bado ni fumbo. Wapo wanaohisi ni homoni za tumboni mwa mama. Kuhusu mkono, huko Belfast Peter Hepper na wenzake waliangalia watoto kwa mashine ya ultrasaundi wakiwa bado tumboni, wakaona wengi wananyonya kidole gumba cha kulia. Walipowafuatilia wakiwa wakubwa, matokeo yakatoka mwaka 2005: wote 60 walionyonya cha kulia walikuwa wa kulia, na kati ya 15 walionyonya cha kushoto, 10 walikuwa mashoto. Kuhusu nani anampenda nani, mwaka 2019 watafiti walipima jeni za watu karibu 500,000 na hawakupata jeni moja inayoweza kukutabiria. Hakuna aliyejichagulia mkono wake, na sijakutana na mtu aliyekaa chini akajichagulia moyo wake. Shirika la Afya Duniani nalo liliondoa kuvutiwa na jinsia moja kwenye orodha ya magonjwa mwaka 1990.

Lakini nadhani uvumi huu umeshika haraka kwa sababu nyingine. Lugha yetu yenyewe iliuita mkono wa kulia mkono wa kuume, na wa kushoto mkono wa kike. Mwanaume mashoto anaanza na deni ambalo hakukopa. Mimi darasa la pili nilichapwa rula kwenye vidole hadi nikajifunza kula na kusalimia kwa kulia. Kalamu, mkasi na kisu cha vitunguu vikabaki kushoto hadi leo. Rula ilinifundisha kuficha tu.

Baada ya hesabu mdogo wangu akanyamaza. Nikamuuliza, "Mkono huu umeuona miaka miwili. Leo umekutisha kwa nini?" Ndipo ikatoka. Shemeji alikuwa kama miezi miwili hivi kapoa. Simu anapokelea nje, ukitaja bajeti anabadilisha mada. Mdogo wangu alishajua kuna kitu, ila hakuwa na jina la kukiita. Shoga yake akampa jina la bure.

Nikamwambia akaulize hilo hilo, bila kutaja mkono wala utafiti: "Naona umenyamaza, kuna nini?" Akauliza. Mkataba wa kazi wa shemeji ulikuwa umekwisha bila kuhuishwa, na alikuwa anaona aibu kuwaambia wakwe wakati kadi za michango zimeshasambazwa. Walilia wote wawili, wakapunguza wageni kutoka 300 hadi 120.

Wachumba, swali gumu likikukaba usilizungushe kwa ishara: mkono, rangi ya shati, cheko lake. Kaa na mwenzio muulize, na uwe tayari kusikia jibu lolote. Na mkijaliwa mtoto mashoto, rula iacheni ichore mistari.

Harusini mimi na shemeji tumeomba kiti cha pembeni kushoto, tule pilau kwa nafasi.