Jani Lililojikunja Si Lazima Liwe Jani Linalougua

Toleo hili linahusu wadudu na mimea inayowalisha, na hoja inayolifungua ni kwamba dalili inayoonekana kwenye jani haitoshi kuwa hukumu juu ya mdudu aliyeisababisha. Mfano unaoibeba vizuri hoja hiyo ni *Chirosia betuleti*, nzi mdogo wa familia ya Anthomyiidae aliyeelezwa kisayansi na Oscar Ringdahl wa Uswidi mwaka 1935, ambaye maisha yake huko Ulaya yamefungamana na makangaga, yaani mimea isiyotoa maua wala mbegu, inayozaliana kwa chembe ndogo sana ziitwazo spora.

Jani changa la kangaga huchomoza likiwa limejiviringa, kisha hujikunjua polepole hadi linyooke. Katika majira ya kuchipua nzi jike hutaga kwenye jani ambalo bado linakua, na buu anayeanguliwa huuchimba uti wa jani, yaani mshipa mnene wa katikati, karibu na ncha, akila tishu zake kutoka ndani. Sehemu iliyochimbwa hupinda, na vijani vya pande zote mbili hujisokota kuizunguka mpaka ncha nzima iwe fundo lililovurugika, ilhali sehemu ya chini ya jani hilohilo hubaki imenyooka na yenye rangi yake ya kijani. Anayelifumua fundo hilo kwa ncha ya kisu hukuta mfereji uliochimbwa kwenye uti, pamoja na buu mweupe asiye na miguu. Kiangazi kinapokolea buu hutoka, huingia udongoni na kugeuka pupa, hatua ya utulivu inayotangulia nzi kamili.

Wataalamu huliita fundo la namna hii uvimbe wa mmea, kwa maana ya umbo lisilo la kawaida ambalo mmea wenyewe hulikuza kwa kuchochewa na kiumbe kingine. Kangaga haliuawi na uvimbe huo. Kinachopungua ni uzuri wa majani machache, na mtunza bustani asiyependa kuyaona anaweza kuyakata tu. Dawa ya kupulizia haina kazi hapo, kwa kuwa buu amejificha ndani ya jani, na wanaoathirika ni wadudu walio nje.

Afrika Mashariki inamjua nzi mwingine mchimbaji wa majani, *Liriomyza trifolii*, aliyeingia Kenya mwaka 1976 pamoja na vipando vya maua ya krisanthemumu kutoka Florida. Huyo ni mharibifu wa kweli wa mboga na maua, lakini hata kwake hoja kuhusu dawa ni ileile, kwani dawa zinazopulizwa ovyo huwaua nyigu wadogo wanaotaga kwenye mabuu yake na kuyaangamiza, huku mabuu yenyewe yakikingwa na ngozi ya jani, na vizazi vinavyofuata vikizidi kuwa sugu.

Nzi hawa wawili huchimba majani kwa namna zinazokaribiana, lakini mmoja anastahili kuachwa na mwingine anastahili kudhibitiwa kwa mpango. Kwa sababu hiyo watafiti, maafisa ugani na wakulima watakaolisoma toleo hili wanaombwa kumtambua mdudu kwa spishi yake, na kuupima mmea kwa hasara uliyoipata hasa, kabla ya kushika bomba la dawa.