Sambusa Haijui Mkubwa

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wahenga walisema hayo juu ya watu, lakini leo, ndugu msomaji, nataka kuyasema juu ya chakula. Mgeni wangu ni sambusa ya nyama.

Wapo wazee wa Homa Bay na Migori wanaodai kwamba sambusa si chakula chetu. Chetu ni kuon na samaki. Ni kweli kwamba imetoka mbali. Inatajwa katika mapishi ya Baghdad ya karne ya 10. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, aliikuta baadaye katika karamu za mfalme wa Delhi, imejazwa nyama ya kusaga, lozi na vitunguu. Huko Napoli, Italia, watu hukunja unga wa chachu juu ya jibini na nyama, wakaita calzone. Nadhani sababu ya kuifunika nyama kwa unga ni moja kila mahali: nyama ni ghali, na walaji ni wengi.

Mimi nililijua jambo hilo nyumbani. Nilipokuwa mtoto Homa Bay, nyama ilipakuliwa kwa vyeo. Baba alipata minofu, kaka zangu wakapata mifupa, nasi wadogo tukachovya kuon katika mchuzi. Tena mila za kale za Wajaluo ziliwakataza wanawake kula kuku na mayai. Jioni moja mama alikuwa na robo kilo tu ya nyama. Akakanda unga wa ngano, akapika sambusa 12. Tulikuwa watu sita. Kila mtu alipata mbili, nyanya na baba sawasawa. Baba aliitazama sahani yake, akaitazama yangu, kisha akala bila kusema neno.

Siku hizi sambusa zauzwa katika vituo vya matatu, Homa Bay, Rongo hadi Migori. Wengi wa wauzaji ni akina mama waaminifu wanaosomesha watoto kwa karai moja la mafuta. Lakini juzi nilinunua tatu njiani. Nilipozivunja nikakuta vitunguu, na vipande viwili vya nyama vilivyopotea njia. Chakula kilichofunikwa ni ahadi. Mlaji haioni nyama mpaka amekwisha lipa.

Kwa hiyo yafaa tuzipike nyumbani. Kaanga nyama ya kusaga kwa chumvi, tangawizi na kitunguu saumu mpaka ikauke kabisa, kisha tia vitunguu vilivyokatwa vidogo, dhania na limau. Iache ipoe, maana mvuke wa nyama moto hulainisha manda zikapasuka. Sukuma chapati sita nyembamba. Zipange mbili mbili, ukipaka mafuta na kunyunyiza unga katikati, uzipashe kidogo katika kikaango kikavu, uzitenganishe na kukata kila moja nusu kwa nusu. Kunja kila nusu kama pia, jaza, funga kwa uji mzito wa unga, kisha kaanga kwa moto wa kadiri. Moto mkali huunguza nje na kuacha manda mbichi ndani.

Kazi hii si ya wasichana peke yao. Mvulana aliyekunja sambusa 12 kwa mikono yake hawezi tena kudhani kwamba nyama hujigawa yenyewe, na wala hatashangaa dada yake akipewa sawa naye.

Wazee wetu wasiogope; kuon na samaki havitaondoka mezani. Kitakachoondoka ni ile desturi ya mtoto kunusa nyama ambayo hataila. Mama alikuwa na kanuni moja, nami nawaachieni: kabla ya kukata unga, hesabu watu.